Mashine Iliyonuna

Mpira wa kupumulia uliingia kwa jaribio la tatu, na shati la daktari lilikuwa limeshalowa mgongoni. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka mitatu. Nimonia ilikuwa imemchosha hata kulia akaacha. Mama yake alimwita Bibi, maana alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na tangu asubuhi alisimama mlangoni akisema lilelile: "Pumua, Bibi. Pumua, bibi yangu."

"Umeingia," daktari alisema. Kifua kilikuwa kinapanda. Ukungu ulionekana ndani ya mpira. Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto, kote akasikia upepo.

Lakini kwenye mashine inayopima pumzi anayoitoa mgonjwa, mstari ulilala tambarare.

"Imeanza tena," daktari alinung'unika. Waya wa mashine hiyo ulikuwa umefungwa plasta, na jana yake ilikuwa imekufa namna hiyohiyo, ilhali mtoto wa jana alikuwa salama salimini.

"Ina tabia za mkwe wangu hiyo," alisema muuguzi waliyemwita Mama Pacha, huku akibinya mfuko wa hewa. "Ikinuna, hata salamu hupati."

Daktari akacheka kidogo. Bado alikuwa ameushika mpira kwa vidole viwili mdomoni mwa mtoto. Autoe? Baada ya taabu yote ile?

Mama Pacha alikuwa ameacha utani. "Mwanangu," alimwambia daktari taratibu, "tumbo linajaa."

Midomo ya mtoto iligeuka rangi ya zambarau. Moyo uliokuwa unakimbia ukaanza kujikokota. Daktari alijua, tena amewahi kuwafundisha wenzake, kwamba kwa mtoto mdogo upepo wa tumboni husikika mpaka kifuani. Kujua alijua. Akachomoa kidude cha kupimia pumzi kwenye mpira, akakitia mdomoni mwake mwenyewe, akapuliza.

Mstari ukainuka ukawa kilima.

Mashine ilikuwa nzima.

"Natoa," alisema. Mpira ukatoka. Mama Pacha akaufunika uso wa mtoto kwa barakoa ya hewa, akakiinua kidevu kwa upole kama anayemlisha, akabinya mfuko. Moyo ulirudi kwa kusitasita. Safari hii daktari aliiona njia vizuri, akapitisha mpira, na kwenye mashine kikatokea kilima, kikafuata kingine, na kingine.

Mama mtu alipoitwa ndani, Mama Pacha alimsogezea kiti chake mwenyewe, kiti pekee cha chumba kile. Mama akatia kidole kiganjani mwa mwanawe.

"Huwa anakibana," alisema. "Hata akiwa usingizini. Mbona leo hakibani?"

Daktari angeweza kujibu kwamba ni dawa ya usingizi aliyopewa kabla ya mpira, naye asingekuwa amesema uongo wote. Alichuchumaa mbele yake.

"Mama, mpira wa kwanza ulikwenda tumboni. Nilikawia kuutoa, nikidhani mashine ni mbovu. Huenda ni dawa inayomlaza. Huenda ni zile dakika alizokosa hewa. Bado sijui."

Mama alikitazama kile kiganja kidogo kilichokuwa wazi juu ya shuka.

"Bibi," aliita. "Nishike."

Vilima vilipita kwenye mashine, kimoja baada ya kingine. Miguu ya daktari ilianza kufa ganzi, lakini hakuinuka.