Mfagia-majani

Adalbert alikuwa amechuna ndege kwa miaka kumi na mmoja, na hakupenda kabisa kusahihishwa, tena na mtu aliyeajiriwa juzi. Kazi yake kwa Bwana Debruyne, Mzungu mkusanyaji wa ndege pale Bukavu juu ya ziwa, ilikuwa kumvua ndege ngozi, kumjaza pamba na kumfunga mguuni etiketi, kikaratasi chenye jina lake la kienyeji. Jina moja tu. Bwana alikuwa akitunga kitabu cha majina hayo, na ndege mwenye majina mawili alimharibia siku.

Asubuhi hiyo ya mwaka 1957 mezani alilala ndege aitwaye mkesha, mwenye tumbo la rangi ya chungwa, anayepekua majani makavu akitafuta wadudu. Adalbert akaandika jina lake kwa Kimashi, lugha ya kwao, ambalo maana yake ni Mfagia-majani.

Venant, karani mpya, akachungulia akacheka kwa nguvu.

“Ile jina ulitoa wapi? Kwetu Luhwindja ile ndege inaitwa Kashwiri.”

“Na mimi niko mutu wa wapi? Si wa Luhwindja?”

“Wewe? Ulitoka kule ukiwa mugongoni kwa mama yako. Wewe uko mutu wa Kadutu, hapa mujini.”

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Baba yake Adalbert alifukiwa katika machimbo ya dhahabu, na mama yake, Séraphine, akashuka mjini na mtoto mchanga. Hakuna hata ndugu mmoja wa upande wa baba aliyewahi kuwatafuta. Adalbert akamwita Venant mbwa, Venant akamwita mwongo, na Bwana akatoka ofisini amekunja uso.

“Mumoja wenu anadanganya,” alisema. “Mwenye kudanganya atatoka leo.”

Kutoka maana yake ilikuwa kunyang’anywa karatasi ya kazi, na asiye na karatasi ya kazi hakai mjini. Mbele ya Adalbert, Venant alitabasamu tu.

“Bamuite mama yangu,” Adalbert alisema. “Alizaliwa kule, aliolewa kule. Yeye ndiye alinifundisha.”

Mama Séraphine aliletwa saa tisa, amejifunga kitenge chake cha misa. Bwana akamwonyesha ndege. Bila kusita mama akataja: Mfagia-majani. Adalbert akamgeukia Venant kifua mbele. Laiti angeruhusiwa, angemtemea mate.

Lakini Venant alikuwa amegundua kitu. Akasogea, akasema kwa upole wa kinafiki:

“Maman, sema ‘Kashwiri’. Mara moja tu.”

Mama akaziba mdomo kwa kiganja na kutazama sakafu.

“Ona!” Venant akapiga makofi. “Bwana, kwetu muke hataji jina ya baba-mukwe, hata kama iko pia jina ya ndege. Anazunguka, anatafuta ingine. Hii bibi alitafuta yake jikoni, na mutoto akafikiri ni Kimashi! Myaka kumi na moya huyu mwanaume anasema kama muke wa ndoa!”

Bwana alicheka mpaka akavua miwani. Adalbert hakusikia kicheko. Alikuwa amemjua babu yake, mzaa baba, kwa neno moja tu, Muzee, na kila alipouliza jina, mama alihamisha mazungumzo.

“Maman, Kashwiri ni jina ya Muzee?”

Mama akatikisa kichwa kukubali. Venant ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia Adalbert jina la babu yake, na alimwambia kwa kumdhihaki.

Bwana akasukuma kisanduku mbele. Ndani mlikuwa na mikesha arobaini.

“Sahihisha etiketi zote, nitakuacha na kazi. Andika Kashwiri.”

Adalbert akashika kalamu. Akaitazama miguu ile mikavu, kila mmoja ukingoja kufungwa jina la Muzee, na chuki ikampanda mpaka masikioni. Akaiweka kalamu chini.

“Huyu ataandika,” alisema akimwonyesha Venant kwa kidole, akatoka.

Barabarani alimfokea mama yake bila kujali wapita njia.

“Myaka makumi tatu! Ungemutuma mutu aniambie! Padri! Jirani! Nimepoteza kazi sababu ya mudomo yako!”

“Ninajua.”

“Kashwiri!” akapiga kelele usoni pake, kwa makusudi, ili aumie. “Kashwiri! Kashwiri!”

Mama hakuziba masikio. Machozi yalimshuka.

“Yule karani kule ndani aliitaja ndege,” alisema. “Wewe pia unaitaja ndege. Taja mutu, mwanangu. Tangu tutoke kule, hakuna mwenye alinitajia ule muzee.”

Adalbert alikuwa bado na hasira. Akalitaja tena jina la babu yake, taratibu.