Macho ya Mto

Jumamosi jioni, kabla ya kurudisha ufunguo, Liévin alilisafisha gari la patron, bosi wake, kama kawaida yake. Alitoa kandambili zake chini ya kiti, akatoa rozari, waya wa simu, hata maganda ya karanga yaliyojificha mlangoni. Jumapili patron huendesha mwenyewe kupeleka familia misani, na Madame hapendi kukuta alama ya dereva garini mwake. Miaka sita Liévin alifanya hivyo bila kukosea. Safari hii pia aliamini hakuacha kitu, maskini, na akaenda zake nyumbani Kasungami akipiga mluzi.

Alichoacha hakifutiki kwa kitambaa.

Ijumaa walikuwa Mokambo, mpakani, ambako malori ya patron yalikuwa yamezuiliwa. Patron aliingia ofisini, akakaa huko saa nne. Gari lenyewe lilikuwa jipya, la umeme, lenye kioo kipana katikati na intaneti ndani yake. Liévin alitaka kucheka kidogo tu na video za wachekeshaji. Tovuti ikagoma: ingia kwanza kwenye akaunti yako. Ikamwonyesha herufi nane, akaziandika kwenye simu yake, akabonyeza kukubali, na kioo kikamkaribisha. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Patron alipotokea mlangoni, alifunga ukurasa upesi, akashuka kumpokea mkoba. Walipofika mjini alizima gari. Na kwa mtu aliyezeeka na magari ya mazutu, ya dizeli, ukizima umezima.

Ila gari hili lilikuwa na kumbukumbu kuliko mama mkwe. Na akaunti ile haikuwa na jina la Liévin. Iliitwa Macho ya Mto.

Mwaka mzima Macho ya Mto ilikuwa inaonyesha watu wa Lubumbashi malori yakimwaga maji ya kiwanda, ya manjano, yanayotoa moshi, kwenye kijito kinachopita nyuma ya mashamba ya Kasungami. Kiwanda kilikuwa cha patron. Liévin ndiye aliyekuwa akirekodi, na kabla ya kutoa video aliondoa sauti zote, asitambulike mtu. Kulikuwa na sababu. Mlinzi mmoja wa kiwanda, Guelord, alishukiwa kuwa ndiye anayerekodi. Aliitwa mchana kweupe, kwa upole, aende kuzungumza. Mpaka leo mkewe anamuulizia hospitali kwa hospitali. Liévin alimfahamu Guelord. Aliona aibu kwamba mwenzake amebeba mzigo wake, aliona na woga, na woga ulikuwa mkubwa zaidi.

Video moja hakuitoa kamwe. Aliificha ndani ya akaunti, aione yeye tu, mpaka siku watakapopata wakili. Ndani yake mke wake alisimama katika bustani yao akishika mboga zake za lengalenga zilizoungua majani, akieleza alivyopoteza mavuno mara tatu. Uso wake ulionekana vizuri. Na mwanzoni kabisa ilisikika sauti ya Liévin: "Angélique, inua kidogo, nione bile majani."

Jumapili hiyo Liévin na mke wake walisali misa ya kwanza, wakarudi, wakanywa chai. Angélique alichukua ndoo yake akashuka bustanini. Alikuwa ameanza upya kwa maji ya kisima, mwanamke yule hajui kukata tamaa. Liévin akakaa kivulini kwa ukuta, akafungua simu aone kama Macho ya Mto imepata maoni mapya.

Akakuta katuni. Sungura mwenye kofia, video tatu mfululizo, katika orodha ya vitu alivyotazama. Akashangaa, maana nyumbani kwao hapakuwa na mtoto mdogo. Chini yake kukaongezeka nyingine mbele ya macho yake: kwaya ya kina mama.

Hapo ndipo alipoelewa. Kiki, binti wa patron, ana miaka sita. Madame anaimba kwaya. Walikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa ndani ya akaunti yake.

Alijua afanye nini: kuna mahali pa kubonyeza, vifaa vyote vikatolewa. Lakini kidole kilisita. Kioo kikijifunga chenyewe mbele yao, si watajua kwamba mwenye akaunti anawaona? Afadhali wamalize nyimbo zao, wafike nyumbani, washuke. Alijidanganya hivyo dakika nzima, na dakika hiyo ilimtosha mtu mwingine.

Orodha ikaongezeka. Malori, video ya kwanza. Malori, video ya pili. Haikuwa Kiki tena.

Kisha ikatokea ile iliyofichwa.

Liévin akabonyeza, akakosea neno la siri, akarudia, akafaulu. Vifaa vyote vimetolewa, simu ikamwambia, kana kwamba inampongeza. Akaketi akisubiri simu ya patron. Saa moja ikapita bila simu, na kimya hicho kilimtisha kuliko matusi. Ndipo alipokumbuka kwamba patron hahitaji kuuliza bustani ile iko wapi. Anapajua vizuri mahali malori yake yanapomwaga.

Alikimbia bila viatu. Njiani aliwaza gari lile la umeme, linavyotembea bila mlio, mtu asilisikie mpaka limemfikia mgongoni.

Angélique alikuwepo. Alikuwa ameinama juu ya matuta yake, mzima, akiimba. Liévin alishika mti wa uzio, akamshukuru Mungu.

"We, uko nakimbizana na nani?" Angélique akacheka. "Patron yako ametoka hapa sasa hivi. Kumbe ni muntu muzuri hivi! Ameangalia matuta yote, amesikitika sana. Amesema kesho asubui motokari itakuya kunikamata na mboga, nipelekee Madame. Wewe utapumuzika, iko na shofere mwingine."

Liévin aligeuka kutazama njia.

"Na unajua kitu kimenifurahisha?" Alijifuta mikono kwenye kitenge, uso umemng'aa kama wa msichana. "Ameniita na jina. Angélique, hivi, kama muntu anayenijua. Njo nikasema, kumbe bwana yangu ananisemaka kule ku kazi."

Miaka sita, Liévin hakuwahi kulitaja jina lile mbele ya patron.