Meno na Matundu

Katika wiki tano Fundi alikuwa ameshakataa prosesa nne, na Miwani, mwenye duka la kompyuta, alikuwa ameanza kumkimbia. Akimwona tu anavuka barabara na lile shati lake la mifuko minne, upesi anaweka simu sikioni na kujitia ana mazungumzo mazito. Lakini Fundi si mtu wa kukimbiwa. Anakaa kwenye stuli, anasubiri simu iishe, na kwa vile upande wa pili hakuna mtu, Miwani anaishiwa maneno mapema.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ile ya jana nimeifikiria. Haifai."

"Haifai nini tena, mzee? Ina viini sita!"

"Ndiyo hapo sasa. Viini sita vimebanana ndani ya kitu kidogo kama biskuti, vitapumulia wapi?"

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

Sasa msije mkadhani Fundi alikuwa mshamba wa mitambo. Thubutu! Kwa miaka thelathini alikuwa anafufua redio, televisheni, pasi na chochote chenye waya ambacho wenyewe walishakikatia tamaa. Prosesa alikuwa anaijua vizuri: kile kijibamba kinachopiga mahesabu yote ya kompyuta, ambacho kisipokuwepo vingine vyote ni mapambo. Na alijua viini sita, yaani kama vichwa sita vinavyopiga hesabu kwa pamoja, vinamtosha na kubaki. Kilichomsumbua hakikuwa dukani kwa Miwani.

Alikuwa na binti mmoja. Mama wa mtoto alifariki mapema, binti hajatimiza hata miaka sita, na tangu hapo mtoto alikulia kwenye karakana, juu ya meza ya kazi, katikati ya bisibisi na harufu ya risasi ya kulehemu. Kwa sababu alikuwa hodari wa kumpa baba yake spana kabla hajaiomba, jina likawa hilo hilo, Spana. Kazi yake ya kwanza ilikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga. Mafundi wana lugha yao: plagi yenye meno wanaiita dume, yenye matundu wanaiita jike. Fundi alimwambia, "Meno kwa matundu, umeme unapita. Meno kwa meno, mwanangu, ni kugongana tu." Basi Spana alikuwa anakaa mchana kutwa anachambua, madume kopo hili, majike kopo lile, na baba akikosea kurudisha moja anasutwa bila huruma.

Kazi ikiisha, baba na binti walikuwa wanacheza gemu la magari kwenye kompyuta moja kuukuu ambayo Fundi aliiunga kutokana na mabaki ya kompyuta tatu zilizokufa. Ubao wa vitufe ulikuwa mmoja, mikono minne inabanana juu yake. Spana hakuwa na habari ya kushinda mbio. Raha yake ilikuwa kulisukuma gari la baba yake mpaka litumbukie korongoni, halafu acheke mpaka aanguke kutoka kwenye stuli. "Baba, umezama tena!" Fundi alikuwa anazama kwa hiari yake, lakini hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Spana alikua, akasomea mitambo, akapata kazi ya kutengeneza mashine za hospitali mbali, mbali kweli, mahali ambapo huendi ukarudi kwa wiki. Sasa ni miaka minne. Makopo bado yapo juu ya meza. Kila Jumapili anapiga simu.

"Umekula, Baba?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula. Kazi inaendaje?"

"Tunashukuru. Na huko?"

"Nzuri tu."

"Haya."

"Haya, Baba."

Dakika mbili, zikizidi sana tatu. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Maneno yalikauka tu. Simu ikikatika Fundi alikuwa anabaki ameishika mpaka ipoe mkononi, na karakana nzima inamwona mtu anaitazama simu iliyozimika. Alikuwa anamtamani mtoto wake mpaka anaona aibu, mtu mzima kama yeye.

Jumapili moja, baada ya "nimekula", Spana hakusema haya. Alisema, "Baba, unda kompyuta ya gemu."

"Ya nini?"

"Tucheze magari. Siku hizi mnacheza kila mtu akiwa kwake. Mimi huku, wewe huko, barabara moja. Nitakuchagulia prosesa, na ukishapata prosesa vingine vinaifuata: mazabodi, ule ubao wa kuikalisha, ramu, kadi ya picha, pawa saplai."

"Na korongo lipo?"

Spana aliangua kicheko, kile kile cha zamani. Siku hiyo waliongea dakika arobaini. Na kesho yake, Jumatatu, siku ambayo hajawahi kupiga tangu aondoke, simu ililia saa kumi na moja jioni. "Baba, umeenda dukani?"

Alikuwa ameenda. Miwani alimpa prosesa ya kwanza, Fundi akaipiga picha, akaituma. Spana aliitazama kwa muda, akasema, "Hapana, Baba, hiyo inapata joto mno. Tafuta nyingine." Miwani alipoambiwa alishika kichwa. "Joto? Hii? Mzee, hii naiuza kila siku, haijawahi kumuunguza mtu!" Lakini neno la Spana lilikuwa neno, prosesa ikarudi kabatini.

Kesho yake simu ililia tena. Na kesho kutwa.

Hapo ndipo Fundi alipoonja asali, na mnajua mambo ya asali. Prosesa ya pili Spana aliipenda, ila Fundi alisema jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo, haamini vitu vya herufi ndogo. Ya tatu aliikataa kwa sababu boksi lilikuwa na mkunjo. Ya nne ndiyo hiyo ya viini kubanana. Kila aliyoikataa ilimpatia jioni tano, sita. Walikuwa wanaanza na prosesa, dakika kumi hivi, halafu maneno yanateleza yenyewe: mwenye nyumba wa Spana anayehesabu mara unazofungua mlango, mashine ya picha za mifupa inayokohoa kila ikiwashwa, mfanyakazi mwenzake anayemnywea maziwa kwenye friji ya kazini na kukana mchana kweupe. Fundi naye alimweleza jino lake linalouma, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata daktari. Jioni moja Spana alimwambia kwamba mwaka wa kwanza alilia kila siku, bafuni, bomba likiwa wazi ili mwenye nyumba asisikie.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, Baba?"

Usiku ule Fundi alikifunika chakula chake bila kukionja.

Dada yake Fundi alikuwa na duka la vitambaa mlango wa pili, na masikio yake ukuta haukuyazuia. Siku moja aliingia na futi yake ya kupimia shingoni, akajishika kiuno.

"Kaka, unachagua prosesa au unachagua mchumba?"

"Kitu cha kudumu hakitaki haraka."

"Usinizunguke. Umeshaunda kompyuta ngapi za watu humu ndani? Hii yako ina nini?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Akaisogeza, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza. "Ikikamilika, dada, ataniambia nini? Tutacheza mara mbili, mara tatu, atachoka, ana kazi zake. Halafu turudi kule kwenye nimekula, nimekula. Siwezi. Sina tena nguvu za kurudi kule. Heri isiishe."

Dada mtu alimfuta kaka yake vumbi la kufikirika begani, akarudi kwa wateja wake.

Prosesa ya tano ndiyo iliyomkamata. Boksi zima, herufi kubwa, joto hakuna. Ilikuwa ya aina ile yenye meno chini, mamia ya vijimeno vyembamba kama sindano. Spana alisema, "Hiyo hiyo, Baba, chukua. Ramu na kadi tayari, pawa saplai tayari, kasha tayari. Imebaki mazabodi tu. Jumamosi sina zamu, nimeshawaambia kazini wasinitafute. Tutacheza."

Alisema kwa furaha, maskini, na Fundi akahesabu kilichobaki kabla ya kurudi kwenye nimekula, nimekula: mazabodi moja.

Ijumaa mchana alisimama dukani kwa Miwani mbele ya mazabodi mbili. Ya kushoto ilikuwa na matundu, jike halisi, imetulia inangoja prosesa yake. Ya kulia ilikuwa ya prosesa zile bapa zisizo na meno, kwa hiyo yenyewe ndiyo iliyobeba meno ndani ya kitako chake, yamefunikwa kwa kifuniko cheusi cha plastiki yasiguswe.

"Nipe ya kulia," alisema Fundi.

"Hiyo siyo, mzee wangu. Yako ina meno, na hii ina meno. Havikai."

"Najua."

Miwani alimtazama. "Unajua?"

"Nifungie, kijana."

Miwani alifunga. Yawezekana aliona kitu kwenye uso wa yule mzee, kwa sababu boksi alilifunga vizuri kuliko kawaida yake.

Saa kumi na moja simu ililia. Fundi alikuwa ameshaketi, vitu vyote vimepangwa juu ya meza.

"Baba! Imewaka?"

"Haiingii, mwanangu. Nimejaribu kila namna, haiingii kabisa."

"Usilazimishe! Meno yatapinda. Nipigie picha, nione."

Alipiga picha: prosesa kushoto, mazabodi katikati juu ya boksi lake, na pembeni, bila kukusudia, yale makopo mawili. Akatuma. Akasubiri. Alishajiandaa na maneno yake yote, kwamba atairudisha wiki ijayo, kwamba Miwani anafunga mapema, kwamba pengine watafute mazabodi ya aina nyingine kabisa, waanze upya taratibu.

Alisikia kidole cha Spana kikigonga kioo upande wa pili, anaikuza picha.

"Baba," alisema Spana.

"Naam, mwanangu."

"Hicho kifuniko cheusi hujakifungua."

Fundi alitazama mazabodi. Kifuniko kilikuwa mahali pake, kimekaa sawasawa kama kilivyotoka kiwandani. Wiki tano za uongo uliopangwa vizuri, na kifuniko akakisahau.

"Ulijaribuje sasa? Na boksi limeandikwa ni ya aina gani. Wewe ndiye uliyenifundisha meno na matundu, Baba. Nilikuwa na miaka saba. Wewe huwezi kukosea hili hata ukiwa na homa."

Fundi alitafuta uongo mwingine. Alijikaza, wapi. Akasema tu kama ilivyokuwa: "Nilikuwa sitaki iishe. Ndiyo kipindi pekee ninapokusikia."

Alisikia Spana akivuta pumzi, na nyuma yake bomba la maji linafunguliwa. Halafu alisikia likifungwa. Safari hii binti alilia bomba likiwa limefungwa, na Fundi alisikia yote.

"Baba," alisema mwishowe, "ile prosesa ya kwanza haikuwa na joto lolote."

"Sema?"

"Ilikuwa nzuri kuliko zote. Ningesema ichukue, ungeiunda siku ile ile, nakujua. Tungemaliza Jumanne." Akapenga. "Mimi ndiye niliyeanza."

Fundi alishika ukingo wa meza. Kwa miaka minne alidhani ni yeye peke yake anayebaki na simu mkononi. Mkono wake uligusa kopo mojawapo, plagi zikalia ndani.

"Hayo ni makopo yangu?" Spana aliuliza. "Bado yapo?"

"Hayajaguswa. Nani atanichambulia?"

Spana alicheka kidogo, akapenga tena.

"Umekula, Baba?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la miaka minne. Fundi alilirudisha.

"Sijala," alisema. "Siku nyingi huwa sili. Nilikuwa nakudanganya."

"Na mimi."

"Basi nenda jikoni. Usikate. Iweke simu mezani, na mimi naiweka yangu, tule."

"Na mazabodi?"

"Miwani yupo, atatuvumilia. Wewe niambie kwanza, unapika nini?"