Maoni Arobaini ya Mafundi Cherehani

Saa sita mchana tovuti ya wizara ingeacha kupokea maoni kuhusu kanuni ya kuondoa cherehani kwenye baraza za maduka. Mafundi arobaini walikuwa wametuma yao, lakini simu ya Mama Vifungo, kiongozi wao, ilionyesha: “Yaliyopokelewa: 1.”

“Mlinakili maneno yangu?” aliwauliza.

“Neno kwa neno, dada. Ukitoa kipimo, sisi tunakata.”

“Imeandikwa hapa, yakifanana yanahesabiwa moja! Hii si sare ya shule. Kila mtu aandike lake!”

Zilibaki dakika kumi na mbili. Cherehani zikanyamaza. Mzee Pasi, asiyewahi kuandika hata barua, aliandika jasho likimtoka: “Baraza hili limesomesha wajukuu zangu.”

Namba ikapanda: mbili, tisa, ishirini na sita. Ukurasa ukafungwa.

“Haya,” alisema Mama Vifungo. “Sasa wasiseme alilalamika mwanamke mmoja.”