Baka Lenye Kadi ya Kliniki

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Bimdogo alikuwa uani kwake, kijijini Mkunya, akikung'uta kitenge chenye vumbi la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, baka la ngozi ya kiunoni mwake liliposhuka, likavuka barabara na kushika njia ya zahanati.

"Mama, baka limeondoka," alisema binti yake, Shamila.

"Limeaga?"

"Halijaaga."

"Miaka minne nalilea, halina adabu. Tulifuate."

Walilikuta kwenye benchi la foleni, limemtangulia mzee mwenye kikohozi. Lilikuwa limepauka kuliko ngozi ya Bimdogo, pana kama kiganja, na pembeni lilikuwa na kinundu kipya kama korosho, kisichokauka. Zamu yake ilipofika, liliingia, Bimdogo na Shamila nyuma yake, likasimama wima.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba," alijibu Daktari Dastani bila kuinua uso. "Fangasi, au salfa imekuunguza?"

"Si fangasi. Nimepakwa tyubu kumi na tisa za dawa, nimenenepa tu. Wala si salfa. Salfa huanza na uso na mikono, na huko ngozi ya mama ni safi. Mimi nakaa chini ya nguo, jua lisikofika. Nikatwe kipande kidogo, kipelekwe kupimwa. Huenda mimi ni saratani."

Mzee aliyekuwa mlangoni aliacha kukohoa ili asikie vizuri. Shamila alimshika mama yake mkono.

"Una miaka mingapi?" aliuliza Dastani.

"Minne."

"Umekosea mlango. Chini ya miaka mitano, dirisha la watoto."

"Daktari, nakuomba, mwandikie mama rufaa," alisema Shamila.

"Rufaa huandikiwa mgonjwa. Mgonjwa aliyepanga foleni leo ni huyu, na huyu ni mtoto. Anayefuata!"

Dirishani, Nesi Yasinta alilivisha baka kaptula ya kupimia, akalining'iniza kwenye mizani, akalifungulia kadi. Akalikabidhi na tyubu ya ishirini. Bimdogo alilirudisha kiunoni, akalifunga kwa kitenge, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo baka huhudhuria kliniki kila mwezi, halijakosa. Baada ya miezi mitano kinundu kilikuwa kama ngumi. Bimdogo aliletwa kwa bodaboda, Shamila akimshikilia kwa nyuma, na kitenge sasa kilimzunguka mara tatu.

Yasinta alichora nukta kwenye kadi, akaunganisha mstari wa uzito. Ulikuwa umepanda hadi juu kabisa ya eneo la kijani.

"Hongera, Mama Shamila," alisema. "Linakua vizuri."