Wageni Wajitambulishe

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipomwagika mpaka vijijini na kila aliyevaa tai akajiita mheshimiwa, mtaa mmoja wa Nzuguni ulikuwa na bomba moja tu la maji. Ukiwauliza wenyeji bomba ni la nani, watakwambia la Thobias. Si lake, la hasha, ila hakuna aliyelijua kama yeye.

Thobias hakuwa akiona tangu utotoni. Alisoma Buigiri, kwenye shule ya wasioona, akajifunza na kusuka viti hukohuko, na tangu siku ya harusi alikataa katakata kuchotewa maji. Alimwambia mkewe, Evarista, kwamba yeye si mgonjwa wa kuletewa kata mdomoni. Kila asubuhi alijitwika mzega wake, ndoo mbele na ndoo nyuma, akafuata ua wa michongoma mpaka bombani, akarudi anapiga mluzi. Evarista akiusikia mluzi ule alijikuta anacheka peke yake jikoni. Mwanamke yule alikuwa ameolewa akaoleka, usiniulize zaidi.

Basi Jumapili moja akaja diwani wao, Batholomeo, aliyemwoa binamu yake Evarista. Alikunywa chai, akala maandazi kama mtu asiye na kwake, na huku anatafuna akasema bomba litahamishiwa ng'ambo ya barabara kuu, karibu na vibanda vipya, ili mji upendeze. Kamati imeshapitisha. Alhamisi baraza la madiwani litamalizia.

"Jambo dogo tu, shemeji," alisema. "Haya ya kawaida hayana mjadala. Yanasomwa kwa mkupuo, tunaitikia ndiyo, tunakwenda kula."

Jambo dogo! Barabara ile ilipitiwa na malori ya mahindi ya Kibaigwa, yanakimbia kama yamefukuzwa na fisi. Thobias aliweka kikombe chini. Evarista alimtazama mumewe, moyo ukamuuma, kisha hasira ikampanda. Akauliza ni nani aliyeomba bomba lihamishwe. Batholomeo akajikuna kisogo. Haki ya Mungu hakumbuki, alisema, na alikuwepo, ila siku ile pilau lilikuwa limeshafika mlangoni. Hakuwa mtu mbaya Batholomeo. Ubaya ulikuwa pilau.

Evarista akauliza kama raia wa kawaida anaweza kuingia kusikiliza. Diwani akacheka, akasema mlango uko wazi miaka yote, ni watu tu hawaji. Ila msikilizaji haruhusiwi kuchangia hoja.

Alhamisi walikwenda. Evarista aliwachukua jirani zake, Priska na Anjelina na wengine wa kwaya, wote wamevaa sare ya kitenge, kwa kuwa waliona ni aibu kwenda mbele ya wakubwa na khanga za jikoni. Thobias alivaa koti la harusi. Walipoingia na kujipanga benchi la nyuma, madiwani wakageuka. Mmoja akadhani ni kwaya ya ufunguzi, akaanza kupiga makofi.

Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, akafanya lile ambalo Mtanzania yeyote hulifanya akiona ugeni kwenye kikao. Alisema kabla ya kuendelea, wageni wajitambulishe. Katibu alimnong'oneza kuhusu kanuni, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Utamfukuzaje mgeni hujamjua jina?

Sasa ndugu yangu, Mgogo akijitambulisha hataji jina akakaa. Atasema ni mtoto wa nani, anaishi upande upi, analima nini na maji anachota wapi. Evarista akasimama.

"Shikamooni wazee. Naitwa Evarista, naishi Nzuguni, nyuma ya ua wa michongoma. Mume wangu ni huyu, Thobias. Haoni, lakini maji ya nyumba yetu anachota mwenyewe, kwenye bomba ambalo leo mnalivusha ng'ambo ya malori. Likishavuka, nitakuwa mjane, au nitakuwa mke wa mtu aliyekatazwa kutoka nyumbani kwake. Siku hiyo sijui nitajitambulishaje."

Akakaa. Kanuni haikuvunjwa, amesema tu yeye ni nani. Akafuata Anjelina, akajitambulisha mpaka akamtaja bibi yake aliyekuwa akiteka maji mtoni kabla bomba halijaja. Akafuata mwingine, na mwingine, wote majirani wa bomba. Ukumbi ukaanza kucheka, mwenyekiti naye akafuta machozi ya kicheko. Kabla zamu haijamfikia Priska, Batholomeo alisimama, jasho linamtiririka, akaomba jambo la bomba lisomwe peke yake.

Likasomwa. Mwenyekiti akauliza aliyeliomba ni nani. Madiwani wakatazamana. Hakuna. Lilipita kwa sababu hakuna aliyelikataa, na hakuna aliyelikataa kwa sababu hakuna aliyelisikiliza. Walipoulizwa tena wakaitikia siyooo mpaka sokoni wakasikia.

Vigelegele! Evarista alilia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia mumewe mbele za watu bila haya. Akina mama wakainuka kutoka, Priska ametangulia mlangoni, wimbo umeshaanza. Thobias hakuinuka.

"Keti, Mama Ruthu," alimwambia mkewe. "Wanasoma jingine."

"La kwetu limekwisha, Baba Ruthu. Twende tukasherehekee."

"La kwetu tulibahatika kulisikia. Hili ni la nani?"

Evarista akaketi, akasikiliza. Katibu alikuwa anasoma harakaharaka kuhusu kufunga kichochoro cha nyuma ya soko, na madiwani wameshafungua midomo kuitikia. Pale mlangoni wimbo ukamkatika Priska, maana nyanya anazouza sokoni zote hupita kichochoro kile. Akarudi mpaka mbele, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Samahani, mheshimiwa mwenyekiti," alisema. "Mimi bado sijajitambulisha."