Kioo cha Zamani Huchelewa Kuzoea Watu

Mwalimu wa chekechea alikuwa amepiga magoti kwenye duka la vioo vya zamani, anakagua mgongo wa kioo cha nane. Muuza vioo, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, ambaye mtaa mzima ulimwita Fremu, alikuwa ameshamfundisha kwamba kioo cha kale huchaguliwa kwa mgongo. Uso hudanganya. Mgongoni ndiko utaona kama mbao zimekauka sawasawa, kama misumari ilifuliwa kwa mkono, kama kuna vumbi la miaka au vumbi la kupakwa juzi. Baada ya hapo unageuza, unagusa uso wake kwa ncha ya kidole na kutazama pengo lililopo kati ya kidole chako na kile cha ndani. Pengo likiwa pana, kioo ni kinene, na vinene ndivyo vya zamani.

Kioo cha nane hakikuwa na kidole cha ndani. Kilionyesha rafu, kigoda na mlango wa duka, lakini Mwalimu hakuwemo.

"Hivi havikuzoei siku hiyo hiyo," Fremu alimweleza huku akifuta ukingo wa fremu kwa kiwiko. Vipya vya madukani vinamwonyesha kila anayepita, havina adabu. Cha namna hii kinataka muda. Akakipe wiki mbili, na kwa ukubwa wake pengine mwezi. Asithubutu kuondoa yale madoa meusi pembeni, na asikitundike mahali kitakapotazamana na kitanda.

Mwalimu alikipenda. Fremu yake ilikuwa ya mti mweusi, imechongwa majani, na jani moja limevunjika kwa namna ya kupendeza. Alikibeba kwa taksi akiwa amekikumbatia, na tumbo lake la miezi mitano likiwa katikati yao.

Kilitundikwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Mume wake, karani wa ofisi ya ardhi, mtu nadhifu ambaye hata soksi zake zilipigwa pasi, alisimama mbele yake kila asubuhi na kuchana nywele asizoziona. Alisema kama kimeshaona kochi, kitawaona na wao.

Katika nyumba ile aliishi pia Shangazi, dada wa marehemu baba yake karani, aliyemlea tangu hajajua kufunga vifungo. Alilala stoo, kati ya makopo ya rangi na baiskeli mbovu. Alihamia huko kwa muda tu, wiki ya harusi, na huo muda ulikuwa umefika mwaka wa tatu. Sasa stoo ilitakiwa iwe chumba cha mtoto. Karani alikuwa amepanga Shangazi apelekwe kwa ndugu wa mbali, safari ya siku nzima, akapumzike. Mwalimu alikuwa amekubali. Aliyebaki kuambiwa ni Shangazi mwenyewe, na karani kila siku alisema atamwambia kesho.

Siku ya tisa Shangazi aliingia sebuleni na kitambaa cha vumbi. Alipofika mbele ya kioo alionekana. Ila kule ndani hakuwa amesimama. Alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha dirishani, miguu ameinyoosha, funguo za nyumba zimelala mapajani. Mwalimu aliona, na Shangazi naye aliona.

"Kimeninenepesha," Shangazi alisema, akaweka sawa mtandio wake na kurudi jikoni. Yule wa kwenye kioo aliendelea kuketi.

Wiki ya tatu ikaisha na kioo hakijaongeza mtu. Mwalimu alimwita Fremu aje kukitazama. Mzee alikishusha, akagonga mbao, akahesabu misumari, akakirudisha ukutani. Akabadilisha miwani na kuuliza huyu aliyeketi ni nani.

"Ni shangazi yake mume wangu. Anakaa kwetu."

"Kwenu?" Fremu alikunja miwani taratibu. "Mwanangu, kioo cha zamani huanza na mwenye nyumba. Wageni hufuata, kama watakaa sana."

Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akaenda zake.

Jioni hiyo, mezani, Mwalimu alimrudia mume wake maneno ya mzee, akiyapunguza makali kidogo. Karani hakukasirika. Alisema Fremu ni mtu wa mbao na gundi, mambo ya hati hayajui. Hati ya nyumba ilikuwa na jina lake yeye karani, tena kaiandika kwa mkono wake mwenyewe, ofisini, kwa wino usiofutika. Kwamba Shangazi aliijenga kwa miaka ishirini na moja ya kufua mashuka ya hospitali, hilo hakulikataa. Aliyempa nyumba ni Shangazi huyohuyo. Alipiga dole gumba mwenyewe.

"Alijua anapiga dole kwenye nini?"

"Nilimwambia ni karatasi ya mita ya maji. Mambo ya hati angeyaelewa wapi?" Kisha akaomba chumvi.

Mwalimu alimpa chumvi. Roho ilimsuta, na usiwe na shaka juu ya hilo, maana alikuwa mtu mwenye huruma. Watoto wa chekechea walimlilia wakati wa likizo. Alijiambia kesho atazungumza. Kesho yake kulikuwa na kikao cha wazazi, na keshokutwa yake miguu ilimvimba.

Ijumaa Shangazi alimkuta akikunja vinguo vya mtoto. Alisimama mlangoni, mikono imelowa povu.

"Mwanangu, nasikia mnanipeleka kupumzika. Kwani nimewaambia nimechoka?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mwalimu alilisikia kabisa, lilikuwa fupi na lilitosha kubadilisha kila kitu. Akatazama soksi aliyoishika, ndogo kama kifuniko cha chupa, akafikiria kitanda cha mtoto kitakavyoenea kule stoo.

"Hewa ya kule ni nzuri, Shangazi," alisema.

"Haya," Shangazi alijibu. Akauliza kama apige pasi mashati ya karani kabla ya kuondoka au ayaache.

Jumamosi gari lilikuja. Karani alimbebea begi hadi kwenye buti, akamfungia mlango, na majirani wakasema wanaume wenye shukrani namna ile wamebaki wachache. Kufika adhuhuri kile kiti cha kwenye kioo kilikuwa kitupu. Jumatatu kiti chenyewe hakikuwepo. Yakafuata mapazia, kochi, halafu ukuta wa nyuma wote, ingawa sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake na karani aliendelea kutazama taarifa ya habari. Mwezi ulipoisha, kioo kilionyesha ardhi tupu yenye majani makavu, vigingi vinne vya mpaka, na mbingu.

Mwalimu alimpigia simu Fremu.

"Mwenye nyumba amehama?" mzee aliuliza.

"Amekwenda kupumzika."

"Basi kioo ni kizima," alisema, akakata simu.

Jumapili walikuja wageni wa ofisini kwa karani. Walikisifu kioo kuliko hata chakula. Walisema kimeipa sebule upana na mwanga, na kwamba kwa jicho la kuchagua vitu Mwalimu hana mpinzani. Naye aliwaeleza habari za mgongo, misumari na kidole. Mke wa mkuu wa ofisi alisogea karibu, kikombe mkononi, akachungulia mbali, kule vigingi vinakoishia. Mwanamke alikuwa anatembea, begi kichwani, amewapa mgongo.

"Yule mama anayekwenda kule ni nani?" aliuliza.

Karani alimtazama mkewe. Mwalimu alikuwa ameshika birika, na mtoto alimpiga teke moja chini ya mbavu.

"Simjui," alisema.

Kule kwenye kioo yule mwanamke alisimama kidogo, bila kugeuka, kisha akaendelea kutembea. Mwalimu akauliza nani aongezewe chai.